Pahali Panne pa Kulaza Wageni wa Rukia

Waliokuja barazani kuniuliza safari yangu ilikwendaje ni saba. Waliokuja kunieleza safari yangu ilikwendaje ni kumi na mmoja. Nimewahesabu mara mbili, maana mmoja alikuwamo kwenye makundi yote mawili. Naandika kwa ajili ya wale saba. Wale kumi na mmoja wanajua zaidi yangu, wao wasome kwa burudani tu.

Kwanza haja yenyewe. Rukia, mtoto wa dada yangu, alikaa mapokezi kwenye hoteli moja ya ufukweni kwa miaka sita, kazi yake kutabasamu. Mwaka huu kaiacha, anataka kuwaongoza wageni kuizunguka Unguja kwa baskeli. Wageni wake wa kwanza ni wanane, wanakuja mwisho wa mwezi, na wanataka kulala njiani mara nne, kwenye mahema yao, vijijini, mbali na hoteli. Rukia alikuwa aende mwenyewe kutafuta pahali pa kuwalaza. Akateleza kwenye ngazi za nyumba yake Kiembe Samaki, kifundo cha mguu kikateguka, daktari akamwambia asiguse pedeli wiki mbili. Na ile hoteli ikamwambia kiti chake wanamwekea mpaka Jumamosi, baada ya hapo kina mtu mwingine.

Hesabu ni nyepesi. Ijumaa jioni tuwe na pahali panne. Tukipata patatu, Rukia anawaandikia wageni wasije na yeye anarudi kutabasamu.

"Mjomba," alinambia, "wewe unajua kusema na watu."

Alikusudia kwamba najua kushindana bei. Ni kweli, nauza masufuria Darajani mwaka wa thelathini na moja huu. Nikaona pahali pa kulala pasinishinde.

Mjini hadi Kidichi

Niliondoka Malindi Jumatatu saa moja asubuhi na baskeli ya Rukia, hema la Rukia, na kikapu kimoja cha halua nilichonunua mwenyewe. Halua ile niliiweka akiba kwa mtu atakayekuwa mgumu kuliko wote. Nilitarajia kufika Kidichi saa tatu. Nilifika saa tisa.

Saa zilizopotea nazijua zilikokwenda. Mke wangu, Bi Salma, alinifungia mto na shuka nyuma ya baskeli, juu kabisa, mahali pa kuonekana. Sasa mtaani kwetu mwanamme wa miaka hamsini na minane akitoka kwake asubuhi na mto, hakuna anayewaza utalii.

Wa kwanza alikuwa fundi cherehani wa pale kona. "Bwana Khamis, kuna nini?"

"Nnakwenda kuzunguka kisiwa."

"Pole sana."

"Pole ya nini?"

"Basi tu. Hupoa hao. Mpe siku tatu."

Muuza kahawa alinimiminia vikombe viwili na kashata, akakataa kulipwa, jambo ambalo halijapata kutokea tangu nimjue. Mpaka nafika Darajani nilikuwa nishasuluhishwa mara tano. Msuluhishi wa tano, jirani yangu mwenye duka la vitambaa, aliniketisha na kuondoka mbio kwenda kusema na Bi Salma. Ikabidi nimngoje, kwani ningeondoka ingeonekana nimekimbia. Alirudi baada ya saa nzima, uso umemshuka.

"Anasema hana neno na wewe," akanambia. "Hapo ndipo pabaya."

Bububu nilipita bila kujulikana, alhamdulillahi. Kilima cha Kidichi nilikipanda kwa miguu, nikiisukuma baskeli ambayo Rukia aliniapia kuwa ina gia ishirini na moja. Mimi nilizipata tano, na zote za kuteremkia.

Nilielekezwa kwa Bwana Makame, mkulima wa viungo, mwenye uwanja mpana nyuma ya nyumba. Nilimkuta anabandua mdalasini. Tukasalimiana, tukaulizana hali, hali za watu wa nyumbani, hali za mvua. Kisha nikamwambia natafuta pahali pa kulala, na sitaki chumba, nna hema langu.

"Hema?"

"Hema."

Akaweka kisu chini. "Kwani umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Mtu mzima, ana watu wake mjini, alale nje kwangu kama mbuzi, na mimi niko ndani nimejifunika? Watu watasema nini?"

"Ndivyo wageni wanavyopenda."

"Wewe si mgeni. Wewe mtu wa Malindi."

Akaitwa sheha, kiongozi wa pale, ambaye lazima ajue kila anayelala kwenye eneo lake. Sheha naye akaniuliza natokea wapi, baba yangu nani, na mke wangu anajua kuwa niko hapa. Nilipomwambia anajua na ndiye aliyenifungia mto, akamtazama Makame, Makame akamtazama yeye, wakanionea huruma wote wawili kwa pamoja.

Basi tukaanza mazungumzo. Mimi nilianzia nje, chini ya mkarafuu. Makame akaanzia kwenye kitanda chake mwenyewe, yeye na mkewe wahamie kwa mama yake. Tukavutana mpaka magharibi, tukakutana ghalani: hema nikalisimamisha ndani ya ghala, katikati ya magunia ya karafuu, mlango umefungwa. Nililala nje, lakini ndani. Nimeamka nanuka pilau.

Asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi kwa mihogo ya kuchemsha. Nikataka kulipa, akakataa. Mimi kushusha bei nimezaliwa nako, lakini asubuhi ile nilijikuta napandisha, peke yangu, na kila nikipandisha mwenzangu anazidi kukunja uso. Nikaacha. Nikamuuliza juu ya wageni wanane.

"Waje," akasema. "Wao kama nje ndiyo raha yao, walale nje. Wao si watu wangu. Lakini uje nao."

"Atakuja nao Rukia."

"Rukia simjui. Nakujua wewe."

"Umenijua jana."

"Ndiyo. Jana nimekujua."

Nikachukulia kuwa ni heshima tu, kama mtu anavyomwambia mwenziwe karibu tena huku anafunga mlango. Nikaandika kwenye kidaftari: Kidichi, moja.

Kidichi hadi Matemwe

Njia ya Mahonda na Kinyasini ni nzuri, imetandazwa lami, na kila mwenye gari anataka ujue hivyo. Nilipigiwa honi mara arubaini na tatu. Kinyasini nilikula wali na maharage na samaki changu wa kukaanga kwa mama mmoja aliyeniuliza, akiutazama mto, kama nataka chai ya bure. Nikasema nataka. Huzuni ya watu nilishaanza kuizoea, na ina faida zake.

Matemwe nilifika alasiri. Nilipita hoteli tatu. Kwenye kila geti mlinzi alinisimamisha na kuniuliza namtafuta nani. Nilikuwa na baskeli yenye gia ishirini na moja, kofia ya plastiki kichwani, na hema la rangi ya machungwa, na bado nikaonekana mtu aliyekuja kudai kitu jikoni. Angekuja mmoja wa wale wanane na vitu hivyo hivyo, angepewa maji ya madafu.

Baina ya hoteli ya pili na ya tatu palikuwa na kiwanja kitupu, kimezungushiwa matofali kwa upande mmoja, upande wa pili pesa zimekwisha. Nikaanza kukunjua hema. Akatokea mlinzi, kijana mrefu wa Shinyanga, jina lake Joseph.

"Mzee, hapa haparuhusiwi kulala mtu."

"Na wewe unalala wapi?"

Akanionyesha. Nyuma ya ukuta, chini ya mnazi, palikuwa na turubai la buluu limefungwa kwa kamba kwenye miti minne, na ndani godoro, ndoo, redio na jiko la mkaa.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

"Na hapa kijijini hakuna aliyekwambia ni aibu wewe kulala nje?"

Akacheka. "Mimi? Mimi ni mlinzi, mzee."

Nililifikiria hilo kwa muda. Kidichi walitaka kumtoa mtu na mkewe kitandani kwa ajili yangu, kwa sababu wanajua baba yangu ni nani. Joseph hakuna anayemjua baba yake, kwa hiyo turubai linamtosha. Sikumwambia. Nilimsaidia kuwasha jiko.

Akasema nikilala karibu na yeye, ataweza kusema mimi ni mgeni wake. Hema likasimama ubavuni mwa turubai. Fimbo za hema kwenye mfuko imeandikwa kumi. Mimi nilizihesabu tisa, nikazihesabu tena, tisa. Tukatia fimbo ya ufagio wake. Tulikula ugali kwa dagaa na pilipili, yeye akafumba macho kuomba, mimi nikasema bismillahi, tukaanza wakati mmoja. Usiku mvua ikanyesha. Hema la Rukia likavuja pahali pawili. Turubai la Joseph halikuvuja popote, na alfajiri nilikuwa nimekaa kwenye ndoo yake nikinywa chai yake.

Nikamwuliza juu ya wale wanane. Yeye hakuwa na neno, ila kiwanja si chake. Akampigia simu mwenye kiwanja, anayekaa mjini. Wakazungumza. Joseph akaweka mkono juu ya simu.

"Anasema sawa, mahema nane kwa usiku mmoja hayana shida. Ila anataka jina la mtu mzima atakayekuwapo, likitokea la kutokea. La sivyo, kazi yangu ndiyo itakayokwenda."

Hapa niseme kweli. Tangu nianze biashara sijawahi kumdhamini mtu. Mtu akinijia na karatasi ya kusaini kwa niaba ya mwingine, siku hiyo naumwa. Siyo ubaya, nimeona wengi wakimsimamia mtu na kuachiwa wao msala. Nikamwambia Joseph, "Andika Rukia."

Joseph akasikiliza simu. "Anataka jina la mtu aliyeko hapa."

Akanitazama. Hakunisihi. Alikuwa kashika simu tu, na nyuma yake turubai linachuruzika maji ya mvua.

Nikataja jina langu. Nililitaja upesi, kama mtu anayekunywa dawa. Kidaftarini nikaandika: Matemwe, mbili. Kisha nikatia alama ya kuuliza ubavuni, ndogo.

Matemwe hadi Chwaka

Pwani Mchangani, Kiwengwa, Pongwe, Uroa. Upepo ulitoka kusini, na mimi nilikuwa nakwenda kusini, tukakutana uso kwa uso siku nzima. Uroa nilinunua vitumbua sita, nikapewa saba, na hilo nalitaja kwa sababu ni mara pekee katika safari nzima hesabu ilinizidi kwa upande wangu.

Chwaka nilitumwa kwa Bi Pili, kiongozi wa kikundi cha kinamama wanaolima mwani na kutengeneza sabuni. Wana jengo lao karibu na pwani na uwanja mbele yake, safi, wa kuanikia. Nilimkuta na wenzake watatu wanapekua mwani mkavu.

"Shikamoo," akanambia.

Ukweli ni kwamba hatupishani hata miaka mitatu. Lakini nilikuwa na vumbi la Uroa usoni. Nikasema marahaba, na hapo nikawa nishapoteza raundi ya kwanza.

Nikaeleza haja yangu. Bi Pili aliendelea kupekua mwani.

"Wanane," akasema.

"Wanane."

"Wanawake wangapi?"

"Watano."

"Watapita pale msikitini wakienda kisimani. Watavaa nini?"

"Nguo, Bi Pili."

"Wenye baskeli nimewaona. Wanavaa kitu, lakini nguo siyo. Nani atawaambia wajisitiri?"

"Rukia, mtoto wa dada yangu. Ndiye mkubwa wao, katoka kazi ya hoteli."

"Ana miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa."

Wale watatu wakaguna pamoja. "Binti wa miaka ishirini na tisa," Bi Pili akasema, "amwambie mzee wa Kizungu wa miaka sitini avae suruali. Hata akisema, atasema huku anacheka, kazoea kazi ya hoteli. Na asubuhi sheha ataniita mimi."

Nikampa njia nyingine. Nikasema tutaandika karatasi, kwa lugha yao, kila mgeni apewe kabla hajafika.

"Karatasi haioni haya mtu akipita uchi," akasema mwenziwe mmoja.

Nikasema maji tutachota wenyewe. Akasema maji si shida. Nikasema watanunua sabuni. Akasema sabuni zinanunuliwa hata bila wao. Kila nilichoweka mezani alikichukua, akashukuru, na bei yake haikushuka. Nimeshindana na Wahindi wa masufuria, nimeshindana na watu wa Tumbatu wanaonunua sufuria moja kwa asubuhi nzima, na sijapata kukutana na mtu kama yule. Hakuongeza sauti wala hakuacha kupekua mwani.

"Kwa hiyo unataka nini?" nikamwuliza mwisho.

"Wewe. Uwepo. Usimame pale kwenye mwembe wa sheha, useme hawa ni wangu, wakikosea niulizeni mimi. Basi. Walale siku kumi wakitaka."

"Nitajaribu."

"Sijauliza kama utajaribu."

Nikamwambia nitamjibu. Akasema haya, na akanipa chumba cha sabuni nilale, maana nje hakukubali hata kidogo. Chakula cha usiku kilikuwa pweza wa nazi kwa mkate wa kumimina, nilikula mpaka nikasahau kuwa nimeshindwa. Kidaftarini sikuandika kitu. Ilikuwa Jumatano, na nilikuwa na pahali pawili, pamoja na hiyo alama ya kuuliza.

Chwaka hadi Makunduchi

Njia hii ni ya kurudi nyuma kwanza: Dunga, Tunguu, kisha Jozani. Ndani ya msitu gurudumu la nyuma likatoka upepo. Nikapindua baskeli, nikaanza kubandika kiraka, huku kima punju tisa wamekaa juu ya mti wananitazama. Baadaye walikuwa kumi na wawili. Nadhani walikwenda kuitana. Katika watazamaji wote wa safari ile, wao tu hawakuniuliza habari za mke wangu.

Nilikuwa na saa nzima ya kufikiri. Makame alisema uje nao. Mwenye kiwanja alitaka jina. Bi Pili alinitaka mwenyewe, kichwa na miguu. Pale ndipo nilipoelewa kwamba Makame hakuwa akinifanyia adabu. Alikuwa akinitajia bei.

Nikajiambia: Makunduchi nitafanya vingine. Makunduchi nitatumia halua.

Nilielekezwa kwa Mzee Mcha, mwenye kiwanja kikubwa chenye kivuli. Nilinawa uso Muyuni, nikavaa kanzu niliyoikunja chini ya mzigo, nikavaa kofia, nikakifuta kikapu cha halua vumbi. Nilipiga hodi baada ya alasiri. Nilikaribishwa, nikatandikiwa mkeka. Nikaweka halua mbele yake kwa mikono miwili.

"Mzee Mcha," nikasema, "mimi ni Khamis, natoka mjini, Malindi. Nimekuja kwako na haja, na haja yenyewe ni ya heshima."

Mzee akaitazama halua. Akaitazama kanzu. Akasema ningoje, akamtuma mtu. Baada ya muda wakaja kaka zake wawili wakakaa. Nikafurahi, nikajua jambo langu linachukuliwa kwa uzito. Nyuma ya pazia nikasikia wanawake wananong'onezana.

"Una umri gani, bwana?" akauliza kaka mkubwa.

"Hamsini na minane."

"Kazi?"

"Nna duka Darajani."

"Mke?"

"Mmoja."

"Anajua kama umekuja?"

"Anajua. Ndiye aliyenifungia mzigo."

Wakatazamana, na nikaona wamependezwa. "Huyo ni mwanamke wa dini," akasema Mzee Mcha.

"Sasa," akasema kaka mkubwa, "sema haja yako."

"Sitaki kuwachosha," nikasema. "Mimi nahitaji kwa usiku mmoja tu."

Pazia likanyamaza.

Nikaona kimya kile, nikadhani wanangoja nieleze zaidi. Nikaongeza: "Na siyo mimi. Ni wageni wangu. Wako wanane."

Mzee Mcha alisimama. Katika umri wake sikumdhania angesimama upesi vile. Kaka mdogo akashika mlango, sijui kwa kunizuia nisitoke au kwa kumzuia mzee asitoke kuchukua kitu. Mimi nikaanza kusema hema, hema, mzee, wana mahema yao, na kadiri nilivyoeleza kwamba watajilalia nje wala hawatamsumbua mtu, ndivyo mambo yalivyozidi kuharibika. Ikabidi nitoke mbio mpaka kwenye baskeli, nilete lile hema la rangi ya machungwa, nilikunjue pale pale juu ya mkeka.

Aliyecheka kwanza alikuwa nyuma ya pazia. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akatoka, mama wa miaka arubaini na kitu, kajitanda kanga. Huyo alikuwa Bi Subira, binti wa Mzee Mcha, mjane. Ndiye niliyekuwa nikimposa kwa robo saa nzima bila kujua.

"Baba, mwache bwana wa watu," akasema. "Hakunitaka mimi. Anautaka uwanja."

"Kaja na halua!" mzee akafoka. "Kavaa kanzu! Mtu anakuja na halua, anasema nna haja, kwani nimfahamu vipi?"

"Nimekosea, mzee wangu," nikasema. "Halua nilikuwa nataka kulainishia maneno."

"Umeyalainisha hasa," akasema Bi Subira. Akakichukua kikapu. "Hii lakini hairudi. Mimi nshajibembeleza moyo."

Wakacheka wote, hata mzee, ingawa yeye kwa kuchelewa. Tukala halua kwa kahawa. Lakini tulipokwisha kula, Mzee Mcha akawa mtu mwingine.

"Sikiliza, Khamis. Kaka zangu nimewaita hadharani. Majirani wameona kanzu. Saa hizi nusu ya Makunduchi inajua mchumba wa mjini kaja kwa Subira, na kesho itajua kaondoka. Kuondoka kwako kutasemwa nini? Kwamba kamwona, hakumtaka. Huyu ni mwanangu."

Nikatazama chini. Bi Subira alikuwa anakusanya vikombe, hacheki tena.

"Uwanja nakupa," mzee akaendelea. "Lakini ulete hao wageni mwenyewe, uingie nao mchana kweupe, watu wawaone kwa macho na hayo mahema yao, wajue kilichokuleta kilikuwa hiki. Akija mtu mwingine, maneno yatabaki pale pale."

Nilikuwa na njia za kutokea. Nilizihesabu: tatu. Ningeweza kusema nitajaribu. Ningeweza kusema nna presha. Ningeweza kumtaja Rukia. Nikazihesabu tena, na kila moja ilimpitia Bi Subira akiwa na vikombe mkononi.

"Nitakuja nao," nikasema.

Hapo hapo, kabla moyo haujapoa, nikatoka uani nikampigia Bi Pili wa Chwaka.

"Khamis wa hema hapa."

"Naam."

"Nitakuwapo. Nitasimama kwa sheha, nitasema ni wangu."

"Haya," akasema. "Na suruali."

"Na suruali, Bi Pili."

Makunduchi hadi Kiembe Samaki

Ijumaa asubuhi, niko karibu na Kitogani, simu ikalia. Bi Salma.

"Nasikia umeposa Makunduchi," akanambia.

Mimi nilikuwa nimeendesha saa moja na nusu. Habari zilikuwa zishafika Malindi, zishakunywa chai.

"Si kweli. Nitakueleza."

"Wamekukubali?"

"Hapana."

"Basi rudi, nimekaanga samaki." Akakata.

Nikasali Ijumaa Tunguu na watu walionipisha nafasi pana, kwa ajili ya jasho. Saa tisa nilikuwa Kiembe Samaki kwa Rukia, ndege zinapita juu ya bati lake. Alikuwa kaweka mguu juu ya kiti na simu mapajani, na nikajua kwa jinsi alivyoishika kuwa hakuiweka chini tangu asubuhi.

"Mjomba. Pangapi?"

"Panne."

"Pamekubali kweli, au ni vile 'tutaona'?"

Nikamhesabia. Kidichi uwanjani kwa Makame. Matemwe ubavuni kwa Joseph, na waje na turubai. Chwaka kwa Bi Pili. Makunduchi kwa Mzee Mcha. Nikamhesabia mara ya pili. Akaziba uso kwa viganja vyote viwili, akakaa hivyo. Mimi nikatazama ndege.

"Kwa bei gani?" akauliza kutoka ndani ya viganja.

Nikamweleza. Alipofahamu kwamba kila pahali nimejiweka mwenyewe, akashusha mikono. Alicheka kidogo, halafu akanitazama vile dada yangu alivyokuwa akinitazama nikirudi sokoni na chenji imezidi.

"Kwa hiyo unakuja na sisi siku zote tano."

"Nakuja kuwapo. Sijasema nitaendesha. Naweza kuja kwa gari, nikawakuta jioni."

"Bi Pili alisema uwasimamie. Huwezi kuwasimamia kutoka kwenye gari."

Akachukua simu, akapiga hotelini kwao. Alisema kwa adabu nzuri kwamba anawashukuru sana, kile kiti wampe mtu mwingine. Alipokwisha kukata akavuta gilasi ya maji.

Nilimwacha anywe maji. Kisha, nikaona ndiyo saa yenyewe, mtu akiwa na furaha hatazami sana, nikamwambia nna masharti matatu: tandiko laini la baskeli, hema lisilovuja, na Ijumaa isiwe siku ya kupanda Kidichi, nisiingie tena msikitini na jasho.

Rukia akafikiri. "Kidichi ni siku ya kwanza, Mjomba, wala haiangukii Ijumaa. Hilo umeshapata."

"Na hema?"

"Umesema mwenyewe tuende na turubai."

"Tandiko?"

"Darajani yanauzwa mazuri," akasema. "Wewe wanakujua, watakupunguzia."